Usiupanguse ukungu wa Mortefontaine

Maswali ya wasomaji yanajibiwa na fundi wa fremu, Mji wa Kale, Mombasa

SWALI: Assalaam aleikum, Fundi. Baba yetu alikuwa baharia. Alianza kupanda meli Kilindini kabla sisi hatujazaliwa, na safari moja alirudi na picha kutoka Ufaransa. Ni ya karatasi, ina kioo na fremu ya mbao. Kuna mti mkubwa umeinamia maji, na upande wa kushoto mwanamke amenyosha mikono kwenye mti mwembamba, yuko na watoto wawili. Mimi na ndugu yangu, tuko wawili tu, tulipokuwa wadogo alituambia hapo ni Jomvu, kwao alikozaliwa. Tuliamini mpaka tukawa watu wazima. Baba alitutoka mwaka jana na picha sasa iko kwangu. Chini imeandikwa "Souvenir de Mortefontaine" na jina "Corot". Ndugu yangu asema ni suvenia tu, kama zile wanazouziwa watalii Ndia Kuu, nisijisumbue nayo. Ninalouliza ni hili: picha yote imeingia ukungu. Maji hayaonekani vizuri, ng'ambo imepotea, majani yamefifia, na nguo ya yule mwanamke imekuwa ya kijivu. Upande wa dirishani ndio mbaya zaidi, umegeuka kama buluu. Nimeambiwa nipanguse kwa pamba na siki. Nipanguse? Na ina thamani yoyote?
Binti wa baharia, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu, na Mola amrehemu mzee wetu. Kabla hujaendelea kusoma, hiyo siki irudishe jikoni.

Neno ulilotumia, ukungu, ndilo lililonifanya niisome barua yako mara tatu. Sisi Waswahili twalitumia kwa vitu viwili. Kuna ukungu wa alfajiri, ule unaolala juu ya maji ya hori kabla jua halijapanda. Na kuna ukungu wa mkate, wa viatu vilivyosahauliwa kabatini wakati wa masika, wa karatasi iliyokaa miaka mingi nyuma ya kioo. Kwa ulivyoieleza picha yako, inao wote wawili, na mmoja wao ni kazi ya mkono wa Corot mwenyewe. Ukipangusa bila kujua upi ni upi, utaharibu usichoweza kukirudisha.

Nakwambia haya kwa uchungu kwa sababu yalinifika. Nilikuwa na miaka 19, najifunza kazi dukani kwa mtu. Bibi mmoja wa makamo alileta picha ndogo ya rangi za maji iliyochorwa na marehemu mumewe: majahazi ya Bandari ya Kale, asubuhi. Chini mashua zilionekana sawasawa, lakini juu kote kulikuwa na weupe uliochafuka. Nikadhani ni unyevu na vumbi. Nikalowesha kitambaa kidogo, nikapangusa pembe moja. Weupe ukatoka, na ncha za milingoti mitatu zilizokuwa zimefichwa ndani yake zikatoka pamoja nao. Ile ilikuwa mvua. Mumewe alikuwa ameichora mvua. Yule bibi alipoiona hakusema neno, aliishika kwa mikono miwili akaielekeza kwenye mwanga, akakaa nayo hivyo muda mrefu. Nilichomwondolea sikuweza kumlipa. Tangu siku hiyo sijaigusa picha ya mtu kwa kitu cha maji kabla ya kuikagua kwa lenzi.

Sasa tumtazame mwenye jina lake hapo chini. Camille Corot alizaliwa Paris mwaka 1796. Mama yake alikuwa na duka la kofia za wanawake, na kijana mwenyewe alitiwa kwenye biashara ya vitambaa mpaka alipofika kama miaka 26, ndipo wazazi wakakubali awe mchoraji na wakamkatia posho ya kila mwaka. Mwaka 1825 akaenda Italia akakaa karibu miaka 3. Nakuomba siku moja utafute picha yake ya daraja la Narni, ya mwaka 1826. Pale kila kitu kina ukingo wake: jiwe ni jiwe, kivuli ni kivuli, na jua linapiga kama la hapa saa saba mchana. Naitaja ili asije mtu akakwambia kwamba huyu bwana alichora ukungu kwa kushindwa kuchora wazi. Kuona wazi alianza nako ujanani.

Picha yenu aliichora uzeeni. Ilionyeshwa Paris mwaka 1864 kwenye yale maonyesho makubwa ya serikali yaliyoitwa Salon, Corot akikaribia miaka 68, na serikali ya Napoleon III ikainunua mwaka huo huo. Leo iko kwenye makumbusho ya Louvre. Ni rangi ya mafuta juu ya turubai, sentimita 65 kwa 89, kwa hiyo si kubwa. Ukutani ingekaa juu ya kochi la watu wawili na nafasi ikabaki. Mortefontaine nacho ni kijiji cha kweli, kaskazini mwa Paris, chenye mabwawa na bustani pana ya miti, na Corot alikuwa amekwenda huko kuchora miaka ya nyuma.

Halafu kuna hilo neno ambalo ndugu yako amelisoma kama lilivyo kwenye vibao vya maduka ya Ndia Kuu. Simlaumu, ndivyo tulivyolizoea. Lakini kwa Kifaransa maana yake ya kwanza ni kumbukumbu, kile kinachombakia mtu moyoni. Vinyago na vikapu vya watalii vililichukua jina hilo baadaye. Na Corot alilitumia kwa makusudi, si kwa picha hii peke yake. Kiangazi alikuwa akitoka na kigoda chake cha kukalia akichora picha ndogo ndogo mbele ya miti yenyewe. Baridi ikiingia alijifungia kwenye chumba chake cha kazi Paris, na huko ndiko alikotengeneza picha zake kubwa, akikumbuka. Hii ni moja ya hizo. Hakukaa kando ya bwawa akahesabu matawi. Alichora kilichobaki baada ya miaka kupita: jinsi mti ulivyoinama, jinsi maji yalivyotulia, jinsi mwanga ulivyokuwa hafifu asubuhi ile au jioni ile. Ng'ambo kulikuwa na nini, njia ilipita wapi, hayo aliyaachia ukungu. Ukienda Mortefontaine na picha mkononi kuutafuta mti ule, hakuna aliyekuahidi kwamba utaupata.

Kwa hiyo lile la Jomvu halikunishangaza hata kidogo. Nimelipita hori la Jomvu kwa mtumbwi mara nyingi, zamani nilipokuwa nikifuata mbao. Ule mti tunaouita mlilana hukaa mbele ya mikoko mingine yote, mguu majini, na mkubwa wake utaukuta shina limelala, majani yananing'inia juu ya maji kama ushungi. Asubuhi baada ya mvua ya usiku, ng'ambo haionekani. Sasa mfikirie baharia aliyekaa miezi kwenye bandari za watu, apite mbele ya duka aone mti umelalia maji, mwanamke, na watoto. Corot mwenyewe hakuiita picha yake "Mortefontaine". Aliiita kumbukumbu ya Mortefontaine, na mzee wako akatia yake ndani. Nimeona pia ulivyoandika, kwamba mko wawili tu, na watoto pichani ni wawili. Hilo nakuachia wewe na ndugu yako.

Turudi kwenye kioo. Pata lenzi ya kukuzia, hata ile ya kusomea msahafu yatosha. Iweke juu ya sehemu yenye ukungu, kwanza ng'ambo ya maji. Kama picha ilichapwa kwa mtambo wa kawaida, utaona vinukta vidogo vya rangi nne: samawati, waridi iliyokoza, manjano na nyeusi. Ukungu uliojengwa kwa vinukta hivyo ni wa Corot. Ni sehemu ya picha, na kama ungeweza kuuondoa usingekuta kitu nyuma yake ila karatasi tupu. Kisha sogea kwenye majani ya mti mkubwa. Utaona hayakuchorwa moja moja. Yamepigwa kama moshi wa kijani uliochanganywa na kijivu na nyeupe. Kamera zilikuwa zimeshaanza zama hizo, na zilihitaji muda mrefu kuchukua picha, hivyo jani lililotikiswa na upepo lilitoka limefifia. Corot alizipenda picha hizo akazikusanya, na watu wengi waliomchunguza wanaona majani yake yamechukua kitu kutoka huko. Mimi nakubaliana nao, lakini naona pia alichukua kutoka kwenye upepo wenyewe. Ukiutazama mti wakati upepo wapita, unaona jani?

Ukungu wa Mombasa ni mwingine. Huo umekaa juu ya vinukta, unavifunika, una kingo za duara kama doa la mafuta, na mahali pengine utakuta vidoa vya kahawia vimetawanyika kama madoa ya ndizi iliyoiva. Huingia kwa nyuma. Nyumba zetu za mawe na chokaa zinavuta maji kama sifongo, na picha iliyobandikwa ikagusa ukuta haipumui. Huku nyuma mafundi wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao, tulikuwa tukitia kadibodi yoyote iliyopatikana, hata ya maboksi ya sabuni. Kadibodi ya namna hiyo ina asidi, na baada ya miaka hula karatasi kwa mstari wa kahawia pembeni.

Na hiyo buluu ya upande wa dirishani si ukungu wa aina yoyote. Ni jua. Kwenye karatasi zilizochapwa, waridi na manjano ndizo zinazokufa kwanza, samawati na nyeusi zinabaki. Hapo ndipo niliposikitika kweli, kwa sababu ya ile nguo uliyoiona ya kijivu. Corot alikuwa na tabia ya kutia wekundu kidogo mahali pamoja katikati ya kijani na kijivu chake chote, na kwenye picha hii umo kwenye mavazi ya hao watu wa kushoto. Ni kidogo sana, lakini jicho likishautazama mti na maji huenda likatua pale. Dirisha la nyumbani kwenu limeunywa. Tafuta chapa nyingine kitabuni au kwenye simu, uweke pembeni ya yako, utaona ninalosema. Usijaribu kuurudisha kwa kalamu ya rangi, tafadhali.

Ufanye nini basi. Ngoja masika yapite, na ukiweza ngoja kaskazi yenyewe, Januari au Februari, hewa ikiwa kavu. Laza picha kifudifudi juu ya shuka safi, toa misumari ya nyuma taratibu kwa koleo, uondoe kadibodi. Kama karatasi imegandana na kioo, simama hapo hapo, usiivute. Iache na kioo chake umletee fundi. Kama haijagandana, itoe, ilaze kivulini mahali pa upepo siku mbili, mbali na jua, kisha ifagie ukiwa nje kwa brashi laini kabisa, ile ya rangi za maji, huku umejifunga kitambaa puani kwa sababu vumbi la ukungu si zuri kifuani. Usitie maji, siki, ndimu wala mkate. Ukirudisha, tia kadibodi isiyo na asidi, na mzunguko wa karatasi nene mbele ili kioo kisiguse picha. Nyuma ya fremu, pembe mbili za chini, gundisha vipande vya kizibo cha chupa ili hewa ipite kati yake na ukuta. Kisha itundike ukuta usiotazamana na dirisha. Vile vidoa vya kahawia vitabaki. Viache.

Kuhusu thamani: sokoni, hakuna. Ni chapa, na picha yenyewe iko Louvre. Hata mtu akikujia akidai anayo ya Corot iliyochorwa kwa mkono, enda polepole, kwani ni mmoja wa wachoraji walioghushiwa zaidi duniani. Lakini fremu uliyoieleza nataka kuiona. Kama mzee aliitengenezesha hapa hapa zamani, huenda ni mvule, na nyuma ya kadibodi mabaharia walikuwa na desturi ya kuandika bandari na tarehe. Ukiifungua, soma kabla ya kutupa chochote.

SWALI: Shikamoo Fundi. Niko kidato cha tatu, nakaa Mikindani. Nachora mikoko kwa rangi za mafuta ambazo mjomba alininunulia. Natumia kijani kama kilivyotoka kwenye tyubu, lakini miti yangu inaonekana kama kabichi. Mwalimu asema nichore kila jani. Nimechora kila jani, imezidi kuwa mbaya.
Mwanafunzi, Mikindani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati mzuri, maana Corot bado yuko mezani.

Hiyo tyubu mkononi mwako ina historia. Kabla ya mwaka 1841 mchoraji aliweka rangi yake kwenye kibofu cha mnyama, akitoboa na kuziba, nayo ikikauka haraka. Mwaka huo Mmarekani John Goffe Rand alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya tyubu ya bati inayofungwa, na kutembea na rangi za mafuta hadi msituni kukawa rahisi. Wachoraji wa Ufaransa wakajaa msitu wa Fontainebleau na kijiji cha Barbizon kilichoko ukingoni mwake, kila mmoja na mwavuli wake. Walishikamana na miti ile hata wakagombana na wakataji, na mwaka 1861 serikali ikatenga hekta 1,097 za msitu huo kwa ajili ya uzuri wake. Nakueleza hili kwa sababu wewe unachora mikoko, na mikoko ya hapa kwetu inakatwa.

Sasa kabichi yako. Kijani cha tyubu hakipo hori lolote. Nenda ukingoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, fumba macho nusu mpaka majani yapotee, ubakiwe na mafungu matatu au manne ya mwanga na giza. Chora hayo mafungu kwanza, kwa kijivu tu. Corot alikuwa akiwaambia wanafunzi waliomfuata, na wachoraji Camille Pissarro na Berthe Morisot walikuwa miongoni mwao, kwamba mwanga na giza viwekwe sawa kabla ya rangi. Yakishakaa, changanya kijani chako na nyeupe nyingi na kijivu kidogo, nyingi kuliko unavyothubutu.

Halafu utafute mchu, aina mojawapo ya mikoko. Chuma jani lake uligeuze: juu kijani, chini ni fedha. Upepo wa bahari ukiingia hori la Tudor, mchu wote hugeuza majani na mti mzima hubadilika rangi mbele yako, kisha hurudi. Mwalimu wako namheshimu, na kuchora jani moja moja ni zoezi zuri la daftarini. Lakini turubai yako iwe na ule mgeuko. Chora tano kabla ya kunitumia moja, na usizifute zilizoharibika.

SWALI: Fundi, picha ya mandhari ya shamba lazima iwe na fremu ya dhahabu?
Msomaji, Likoni

JIBU: Hapana. Ya mbao isiyong'aa, pana kiasi cha vidole vitatu, rangi yake iwe nyeusi kidogo kuliko sehemu yenye giza zaidi kwenye picha. Dhahabu ilifaa kumbi za Paris zilizowashwa taa za gesi. Sebuleni Likoni, dirisha likiwa wazi, itavuta mwanga wote na mti utauona mwisho.